Mto Mkavu Wenye Maji

Msafiri apitaye Kitui au Makueni mwezi wa Septemba, akavuka Mto Thua au Kaiti asione ila mchanga mweupe unaometameta juani, aghalabu hukata shauri kwamba nchi hii haina maji. Ilhali mwenyeji, akisimama pale pale, huutazama mkuyu uliositawi ukingoni katikati ya vichaka vilivyokauka, kisha akaangalia mahali punda walipoparua mchanga kwa kwato zao, akajua kwamba maji yapo wala hayako mbali.

Macho wote wawili wanayo. Mwenyeji humzidi msafiri kwa basira, nayo hupatikana kwa kuzoea kutia maanani mambo madogo. Mwanamke achimbaye kisima cha mchangani huyachota maji ya kwanza yenye tope akayamwaga, husubiri mengine yachuje taratibu, hujaza mtungi wake kwa kata, na kabla hajaondoka hukizungushia matawi ya miiba ili mifugo isikichafue.

Sababu ya maji kukaa mchangani si muujiza. Twaa debe la lita 20, ulijaze mchanga mkavu wa mtoni, kisha umimine maji polepole: utastaajabu kuona limemeza lita 6 au 7 kabla ya kufurika, kwa kuwa baina ya chembe na chembe mna nafasi tupu. Fauka ya hayo, maji ya dimbwi la wazi hunyonywa na jua mchana kutwa, lakini yaliyoshuka mchangani zaidi ya sentimita 60 hivi jua haliyapati tena, na mbu hana pa kutaga.

Juu ya maarifa hayo ndipo yalipojengwa mabwawa ya mchanga, ambayo shirika la SASOL, pamoja na wanakijiji, limeyaeneza Kitui kwa mamia tangu miaka ya 1990. Watu wa mwethya, yaani kikundi cha kusaidiana kazi, hukusanya mawe na kuinua ukuta juu ya mwamba unaokingama mtoni. Mvua za vuli zikishuka kuanzia Oktoba, mafuriko huleta mchanga mzito ukatuama nyuma ya ukuta, na tope jepesi likapita juu likaenda zake. Basira peke yake hainyeshi mvua wala haibebi mawe; lakini bila ya hiyo hakuna ambaye angewaza kujenga bwawa kwa makusudi ya kulijaza mchanga. Leo, palipo na bwawa lililofanikiwa, safari ya maji imefupika, ukingoni pana sukuma wiki na nyanya, na kiangazi, ijapokuwa bado ni kikali, hakimtii mtu hofu kama zamani.

Hata hivyo mchanga huo huo, machoni pa mwenye lori, ni bidhaa ya kuuzwa mjini, na kila shehena iondokayo hupunguza ghala la maji la kijiji. Kwa ajili hiyo Kaunti ya Makueni ilitunga sheria ya kuuhifadhi mchanga mwaka 2015. Sheria yahitaji wa kuitia nguvu, na miongoni mwao yumo ajengaye nyumba yake mbali na Kitui na Makueni: kabla ya kuagiza lori, na aulize mchanga huo umechotwa mto gani, na kwa idhini ya nani.