Usimpe mtu jina kwa kutazama mbawa zake

Jumapili ya leo naomba tujifunze kwa wadudu wawili.

Wa kwanza anaishi Madagaska. Mbawa zake nyeusi zinametameta kijani, bluu, nyekundu na dhahabu, naye huruka mchana kweupe. Mwaka 1773 Mwingereza Dru Drury alimwandika kuwa ni kipepeo. Kumbe ni nondo, jamaa ya wale wanaozunguka taa zetu usiku. Tena sehemu kubwa ya rangi zile si rangi ya kupakwa. Ni mwanga unaogonga magamba madogo ya mbawa na kurudi machoni petu.

Wa pili anaishi nchi za kaskazini, kama Sweden na Canada. Mbawa zake ni za kahawia iliyokolea, zenye ukingo wa manjano hafifu. Wajerumani wamempa jina lenye maana ya joho la msiba. Ungemwona ungesema ni nondo, lakini huyo ndiye kipepeo. Wakati wa baridi kali hujificha kwenye nyufa za miti, na huwa miongoni mwa wa kwanza kuruka majira yanapobadilika.

Wataalamu huwatambuaje? Husogea karibu na kutazama papasi kichwani. Za kipepeo zina kirungu kidogo nchani. Za nondo kwa kawaida hazina.

Samweli naye, katika nyumba ya Yese, alivutiwa na umbo la Eliabu. Mungu akamzuia, kwa kuwa Yeye hutazama moyo (1 Samweli 16). Daudi alikuwa machungani, wala hakuna aliyekumbuka kumwita.

Je, sisi tunachaguaje wazee wa kanisa? Mwenye gari na bahasha nene hupewa ufunguo wa sanduku la sadaka kabla hatujajua anavyoishi na jirani zake. Mama wa kitenge kilichopauka, anayeosha wagonjwa bila kutangazwa, hatajwi hata kwenye kamati.

Nondo yule hana kosa. Mungu ndiye aliyempamba. Kosa ni letu, tunaompa jina kabla ya kumkaribia. Basi kabla hujapiga kura, hujakubali posa wala hujamdharau mtu, msogelee kwanza. Kaa naye, msikilize, uone anavyowatendea wasio na cha kumlipa.