Waya Upi Wafaa kwa Sauti ya Nyumbani?

Mfanyakazi aliyedunduliza mshahara wake hata akapata televisheni na spika za kuizunguka sebule, hana budi kuchagua waya wa kuviunganisha vyombo hivyo. Hapo ndipo wengi hupoteza fedha bure.

Nyaya hizo ni za aina tatu. Waya wa mwanga, uitwao Toslink, ulitolewa na kampuni ya Toshiba ya Japani mwaka 1983. Kwa kuwa haupitishi umeme, hauleti mvumo katika spika. Ila usiukunje, utavunjika. Waya wa koaksiali ni wa shaba, nao ni mgumu zaidi. Zote mbili hubeba mzigo ule ule: njia mbili za sauti kamili, au njia sita zilizobanwa.

Waya wa tatu, HDMI, ulitangazwa mwaka 2002. Huu hubeba picha pamoja na njia nane za sauti isiyobanwa. Ikiwa sauti yatoka katika televisheni kwenda kwenye kikuza sauti, tumia tundu lenye alama ya ARC. Kwa njia nane kamili, alama iwe eARC.

Basi tazama kwanza matundu yaliyo nyuma ya vyombo vyako. Ikiwapo HDMI, itumie. Isipokuwapo, mojawapo ya zile mbili yatosha.

Wala usishawishiwe na waya uliopakwa dhahabu. Sauti hii husafiri kama tarakimu. Zikifika zote salama, waya wa bei nafuu na wa ghali husikika sawa. Fedha itakayosalia na inunue spika bora, au madaftari ya watoto.