Chama cha Wote na Njia Panda ya Sonatubes

Itakumbukwa kwamba tarehe 5 Julai, 1975, Rais Juvénal Habyarimana wa Rwanda aliunda chama cha MRND, na kila Mnyarwanda, hata mtoto mchanga, akahesabiwa kuwa mwanachama. Chama ambacho hakuna anayekiomba kadi hakina njia ya kujua ni nani hasa anakiunga mkono. Vyama vingi viliporuhusiwa mwaka 1991, MRND ilianza kugombea watu iliodhani ni wake. Nao umoja wake wa vijana, Interahamwe, ukageuzwa kundi la wauaji.

Tarehe 11 Aprili, 1994, wakimbizi wapatao 2,000 walioachwa na askari wa Umoja wa Mataifa katika shule ya ETO, Kicukiro, walikuwa wakielekea uwanja wa Amahoro. Walizuiwa Sonatubes, wakapelekwa Nyanza na kuuawa huko.

Ndiyo maana Katiba ya mwaka 2003 ilikataza vyama vya kikabila, ikaagiza kwamba Rais na Spika wasitoke chama kimoja, wala chama chochote kisizidi nusu ya Baraza la Mawaziri. Hapana shaka madaraka yamegawanywa. Ushindani ni jambo jingine: mwaka 2024 vyama vya PSD na PL havikusimamisha mgombea urais, vikamwunga mkono Rais Paul Kagame wa FPR, naye akapata zaidi ya asilimia 99 ya kura.