Damu Kidogo kwa Mgonjwa wa Figo: Mboga Peke Yake Haitoshi

Hapa kambini mtu akiambiwa damu yake ni kidogo, majirani humwambia ale sombe na lengalenga, itarudi. Hata mimi nilisema hivyo. Nilimtembelea mama mmoja wa mtaa wetu mara tatu, na kila mara nikamwambia aongeze mboga na ndagala. Akibeba ndoo ndogo tu anahema, moyo unamwenda mbio, na kope zake kwa ndani zilikuwa nyeupe. Mara ya nne nilimkuta miguu imevimba, ndipo nikampeleka zahanati. Kumbe alikuwa na presha ya miaka mingi, na figo zilikwisha kudhoofika.

Figo hazichuji uchafu tu. Hutengeneza pia homoni iitwayo erithropoietini, ambayo huuagiza uboho wa mifupa utengeneze chembe nyekundu za damu. Figo zikichoka, agizo hilo linapungua, na chakula hakiwezi kuchukua nafasi yake. Tena mboga za majani zina potasiamu nyingi. Figo dhaifu zikishindwa kuitoa, inaweza kuvuruga mapigo ya moyo hata kuyasimamisha. Nilipoelezwa hayo niliona aibu.

Basi ndugu zetu wenye kisukari au presha, mkichoka bila sababu ombeni kupimwa damu na mkojo. Kipimo cha damu kikiwa chini ya 13 kwa mwanamume, au chini ya 12 kwa mwanamke asiye mjamzito, huo ni upungufu. Mpimwe na malaria, maana nayo hula damu.

Daktari akiona madini ya chuma ni machache atatoa vidonge. Choo kitakuwa cheusi, msiogope, ila msivimeze pamoja na chai, kwa kuwa chai huzuia chuma kuingia mwilini. Wengine huhitaji sindano ya erithropoietini, ambayo hupatikana zaidi hospitali kubwa. Inaweza kupandisha presha, hivyo anayechomwa lazima apimwe mara kwa mara.

Dawa za maumivu kama diklofenaki na ibuprofeni, ambazo wengi tunajinunulia dukani kwa ajili ya mgongo, huziumiza zaidi figo zilizo dhaifu. Mkija zahanati leteni vidonge vyote mnavyotumia, pamoja na dawa za miti shamba, muuguzi avione. Hakuna atakayewagombeza.