Kijana, Mashini ya Grafu Haifikiri Mahali Pako

Wewe mwanafunzi wa Kasomeno, pengine siku moja utashika mukononi mashini ya hesabu yenye kuchora grafu. Casio wa Japani walitoa ya kwanza katika mwaka 1985. Ufurahi, lakini angalia: kioo chake kinaweza kukudanganya.

Tuseme mama iko na kamba ya metre 40, anataka kuzungusha bustani ya pembe ine. Upande moja ni x, ule mwingine ni 20 − x. Basi ukubwa wa bustani ni x(20 − x). Andika hiyo ndani ya mashini. Ukiacha kioo kionyeshe tu −10 mpaka 10, pande zote, utaona mustari moja unaopanda juu. Utasema: "Mama, urefushe upande, bustani itaongezeka." Hapana! x ikifika 20, bustani yote imekwisha, inabaki sifuri.

Sasa geuza mipaka ya kioo: x toka 0 mpaka 20, y toka 0 mpaka 120. Ona, kilima kinatokea! Kichwa chake kiko kwenye 10: bustani ya 10 kwa 10, metre kare 100.

Je, hauna mashini? Usilie. Kamata daftari, weka x 5, 10, 15. Utapata 75, 100, 75. Kilima ni kile kile.

Na ninyi wazazi, mbele ya kuuza mbuzi juu ya mashini, mumuulize mutoto kwanza: "Unajua kuichora kwa mukono?" Akijua, mashini itamusaidia. Asipojua, itamuficha ujinga tu.