Kwa kinga mpaka Kolwezi, juu ya yatima wa mashimo

Ngambo kule, watu wanazunguka inchi nzima kwa kinga, kandokando ya bahari, kutafuta makuta ya musaada. Sisi Congo bahari yetu ni kilometa karibu 40 tu, kule Muanda: unaanza asubuhi, saa sita umemaliza. Njo maana sisi wa kamati tulichagua barabara yetu, Lubumbashi mpaka Kolwezi, kilometa kama 300, siku tatu. Tunalala Likasi, kisha Fungurume.

Kupanda kinga haiko shida. Wauza makala wanaleta magunia mujini kila siku bila mutu kuwapigia makofi. Wawili kati yao njo wanatufundisha kufunga mizigo na kuziba mupira katikati ya pori. Shida ni makamyo ya mawe na ya asidi. Tutatoka jua likipanda tu, mumoja nyuma ya mwengine, na giza isitukute barabarani hata siku moja.

Mabishano makubwa yalikuwa juu ya makuta. Kampuni moja ilitaka kutupa mashati na gari, jina lake mbele. Tulikataa: hawa batoto wamezika baba zao, hawako tangazo. Kila muchangiaji atatoa falanga 100 kwa kilometa. Kamati haishiki kitu. Makuta yanaenda moja kwa moja ku masomo, na vikaratasi vya malipo tutavibandika ku mulango ya kanisa.

Tuko na kinga 14. Tunatafuta ingine sita, na fundi mumoja mwenye pompi.