Usisubiri ardhi ilainike: safisha uwanja kabla ya mvua ya kwanza



Ndugu msomaji, hapa Issuna na kwingineko mkoani Singida tuna msimu mmoja tu wa mvua. Huanza Novemba au Desemba na kumalizika Aprili. Miezi iliyobaki ni kiangazi, na katika kiangazi uwanja wa nyumba hupokea kila kitu: samadi, mabua ya mtama, mashudu ya alizeti yaliyooza, makopo, tairi bovu, na tuseme ukweli, kinyesi cha watoto wadogo. Kwa kuwa vimekauka, havinuki sana, nasi tunaona havina madhara.

Wengi huahirisha usafi mkubwa mpaka mvua inyeshe. Sababu yao inaeleweka. Ukichimba shimo la taka mwezi wa Oktoba, sururu inadunda kama imegonga jiwe. Basi watu husubiri mvua mbili tatu zilainishe ardhi. Lakini kwa upande wa afya, huko ni kuchelewa.

Miaka kadhaa iliyopita nililetewa watoto watatu wa nyumba moja usiku mmoja, wote wanaharisha na kutapika. Yule mdogo macho yalikuwa yameingia ndani, na ngozi ya tumbo nikiivuta inachelewa kurudi. Mvua ya kwanza ilikuwa imenyesha siku tatu kabla. Alhamdulillahi, wote walipona, ila yule mdogo tulimpigania mpaka alfajiri. Baadaye nilikwenda kwao. Kisima chao cha kienyeji kilikuwa chini ya zizi, na alama ya mkondo wa maji ilionekana wazi, kutoka zizini na nyuma ya nyumba hadi mdomoni mwa kisima. Baba yao akaniambia: "Daktari, sururu nilishaiazima. Nilingoja ardhi ilainike."

Mvua ya kwanza hufanya nini?

Mvua ya kwanza ndiyo fagio. Uchafu wa miezi saba huokotwa kwa alasiri moja na kupelekwa bondeni, na bondeni ndiko viliko visima na malambo yetu. Hapo ndipo kuhara, homa ya matumbo na kipindupindu hupata njia. Wapo wanaosema kinyesi cha mtoto mchanga si kitu. Ndugu zangu, kina vijidudu kama cha mtu mzima. Kinyesi cha binadamu kilichoachwa juu ya ardhi ndimo pia anamozaliana nzi anayetua machoni mwa watoto na kueneza vikope, ugonjwa unaopofusha. Na udongo wenye unyevu uliochanganyika na kinyesi hulea minyoo ya safura, inayopenya kwenye nyayo za asiyevaa viatu.

Sasa tuje kwa mbu. Tumezoea kusema kufyeka majani kunamaliza malaria. Kufyeka ni kuzuri, kunafichua nyoka na vidimbwi, lakini mbu wa malaria hazaliwi na majani. Hutaga kwenye maji yaliyotuama, hasa yenye jua: alama za kwato, mashimo tulikochimba udongo wa tofali, madimbwi ya njiani. Kutoka yai hadi mbu anayeruka ni kama wiki moja hadi mbili tu. Kwa hiyo fukia mashimo hayo yangali makavu, na chandarua kiendelee kutumika kila usiku.

Yuko na mbu mwingine, mweusi mwenye madoa meupe, anayeuma mchana na kueneza dengue, ugonjwa uliolipuka nchini mwaka 2014 na tena 2019, hasa Dar es Salaam. Huyu hutaga kwenye kuta za makopo, mitungi na tairi. Mayai yake hustahimili ukavu kwa miezi, na maji yakiyafunika yanaanguliwa. Kopo ulilolitupa Aprili linaweza kuwa tayari limebeba mayai.

Tufanye nini, na lini?

Anza Septemba au Oktoba, kidogo kidogo.

Kwanza, shimo la taka. Weka alama, kwangua juu, kisha jioni mwaga hapo maji yaliyokwisha kutumika kwa kuoga au kufulia. Asubuhi chimba shubiri moja. Rudia kila siku. Kwa wiki mbili utakuwa na shimo bila kungoja mvua na bila kupoteza maji ya kunywa. Liwe mbali na kisima. Choo nacho kiwe angalau mita 30 kutoka kisimani.

Pili, toa samadi zizini uipeleke shambani na kuichanganya na udongo. Kinachotia sumu kisima ndicho kinachostawisha mtama.

Tatu, inua mdomo wa kisima kwa udongo ulioshindiliwa, na upande wa juu chimba mfereji mfupi wa kukwepesha maji.

Nne, mabua yawekwe juu ya kichanja, mbali na mlango. Lundo lililolala chini ni nyumba ya panya, na penye panya nyoka hufuata. Kabla ya kushika, gonga kwa fimbo ndefu na uvae viatu. Mtu akiumwa na nyoka, usichanje, usinyonye, usifunge kamba, wala usipoteze muda na jiwe jeusi. Kiungo kitulizwe kisichezeshwe, naye abebwe haraka kituo cha afya.

Tano, makopo ya dawa za shamba yasitumiwe kuwekea maji wala mafuta. Yatobolewe na kuzikwa mbali na maji.

Sita, wanaokinga maji ya bati wasafishe mabati na mifereji, na maji ya mvua ya kwanza yaachwe yamwagike. Misikiti yetu yenye matangi ifanye vivyo hivyo.

Hata baada ya yote haya, maji ya kunywa yachemshwe. Mtoto akiharisha, mpe ORS, endelea kumnyonyesha, na mpeleke zahanati mapema, apewe na zinki.

Ndugu Muislamu, nilipokuwa madrasa ustadh wetu hakuturuhusu kuingia darasani kabla ya kuokota miiba na vigae njiani. Alitufundisha kuwa kuondoa chenye kudhuru katika njia ni sehemu ya imani. Siku hizi nafikiria njia ya maji. Yanapita uwanjani kwako, yanaingia kisimani kwa jirani, na jirani ana haki juu yako. Wewe unaweza kuwa na bomba, lakini watoto wake wakanywa uchafu wako.

Basi wiki hii, baada ya swala ya Alasiri, tembea nyumba yako kutoka juu hadi chini, ujiulize: mvua ikinyesha leo, itabeba nini, na itampelekea nani?

Wabillahi tawfiq.